Baden-Powell: jenerali aliyegeuza pori kuwa darasa la watoto

Siku ya yenga, kwenye viwanja vya parokia na vya shule mjini Goma, watoto wenye fulari shingoni hujipanga juu ya makoro nyuma ya bendera ndogo. Wanajua kufunga kamba, wanajua kuwasha moto, wanajua salamu ya vidole vitatu. Jina la mwanzilishi wao pia wanalijua: B.P. Walio wachache ndio wanaojua kwamba mzee huyo hakuzikwa Ulaya. Amezikwa Nyeri, inchini Kenya, mbele ya Mlima Kenya. Na walio wachache zaidi ndio wanaojua kwamba kabla ya kuwaita watoto wa dunia ndugu, alipigana vita vya ukoloni dhidi ya Waafrika katika sehemu zaidi ya moja za bara hili.

Robert Stephenson Smyth Baden-Powell alizaliwa London tarehe 22 mwezi wa pili mwaka wa 1857. Baba yake alikuwa padri wa kanisa la Anglikana na profesa wa hesabu kwenye chuo kikuu cha Oxford. Alikufa mwaka wa 1860, Robert akiwa na miaka mitatu tu. Mama yake, Henrietta Grace, alibaki na watoto wengi na mali isiyotosha kwa familia ya cheo chao. Ni mama huyo aliyewasukuma watoto wake mbele, tena bila huruma nyingi. Kaka za Robert walimzoeza matembezi marefu ya miguu na safari za mashua wakati wa likizo, na yeye kama mdogo alipewa kazi za kupika na kuosha vyombo.

Shuleni hakung'aa. Shule yake, Charterhouse, ilihama kutoka London hadi Godalming mwaka wa 1872, na huko nyuma ya majengo kulikuwa na kipori ambacho wanafunzi walikatazwa kuingia. Robert alikuwa akiingia. Alitega sungura, akawachuna, akawapika kwa moto mdogo usiotoa moshi ili walimu wasimwone. Alijifunza kutambaa, kunyamaza, kusoma alama za miguu ya wanyama, na kukaa juu ya mti bila kujitikisa wakati mwalimu akipita chini. Masomo ya Kilatini aliyasahau. Yale ya kipori yalimlisha maisha yote. Oxford ilimkataa. Mwaka wa 1876 akafanya mtihani wa kuingia jeshini, na hapo ghafula akawa wa pili kati ya waliotaka kuingia kikosi cha farasi. Akatumwa India bila kupita chuo cha kijeshi.

Huko India ndipo wazo lake la kwanza lilipozaliwa, ingawa wakati ule halikuhusu watoto. Aliona kwamba askari wa Kiingereza walijua kutembea kwa mstari na kupiga risasi kwa amri, lakini ukimwacha mmoja peke yake porini usiku, amepotea. Hawezi kusoma nyota, hawezi kujua farasi amepita saa ngapi, hawezi kuamua jambo bila kuambiwa. Kwa hiyo akawagawa katika vikundi vidogo vya watu watano au sita, akawafundisha kuangalia na kufikiri, na waliofaulu akawapa alama ya kushona kwenye mkono: lile ua la yungiyungi linaloonyesha kaskazini kwenye ramani na dira. Mtoto wa skauti wa Goma anayebeba alama hiyo leo anabeba kitu kilichoanza kwenye mkono wa askari.

Mambo ya Afrika ni mazito zaidi, na vitabu vingi vya skauti huyapita haraka. Mwaka wa 1888 Baden-Powell alikuwa na jeshi lililomsaka Dinuzulu, mwana wa mfalme wa Wazulu. Kutoka huko alirudi na mkufu wa shanga za mti ambao baadaye, mwaka wa 1919, aliukata vipande na kuwapa viongozi wa kwanza wa skauti waliomaliza mafunzo. Hata leo kiongozi aliyefuzu mafunzo hayo huvaa shanga mbili za mfano huo. Mwisho wa mwaka wa 1895 alitumwa Kumasi, kwenye inchi ya Waashanti, ambako Waingereza walimkamata mfalme Prempeh bila vita kubwa na kumpeleka uhamishoni.

Mwaka wa 1896 ukaja uasi wa Wamatabele, kwenye inchi inayoitwa leo Zimbabwe. Kwenye milima ya Matobo Baden-Powell alitembea usiku kati ya mawe akipeleleza. Alijifunza mengi kutoka kwa mpelelezi Mmarekani, Frederick Russell Burnham, na kofia pana anayoonekana nayo kwenye picha zote ilianza hapo. Lakini katika vita hivyo hivyo aliamuru shefu Uwini, ambaye alikuwa amekamatwa na kujeruhiwa, ahukumiwe na mahakama ya kijeshi. Shefu alipigwa risasi. Mkubwa wa serkali ya Kiingereza kusini mwa Afrika alikasirika, akataka Baden-Powell ashtakiwe, kwa sababu mateka huyo alistahili kupelekwa mbele ya mahakama ya kiraia. Uchunguzi wa jeshi ukamwondolea lawama. Jeshi lilijichunguza lenyewe, na mtu wa Kivu anajua hesabu ya namna hiyo mara nyingi hutoka namna gani.

Kilichomfanya ajulikane dunia nzima ni Mafeking. Mji huo mdogo wa Afrika Kusini ulizungukwa na jeshi la Makaburu kuanzia tarehe 13 mwezi wa kumi 1899 hadi tarehe 17 mwezi wa tano 1900, siku 217. Baden-Powell, koloneli wakati huo, ndiye aliyeongoza ulinzi. Askari wake hawakutosha, kwa hiyo alitumia akili. Alizika masanduku matupu na kutangaza kwamba ni mabomu. Aliwaamuru watu wake waruke seng'enge ambazo hazikuwepo, ili adui anayeangalia kwa mbali aamini kwamba zipo. London habari zake zilisomwa kama hadithi, na mji ulipofunguliwa watu walicheza barabarani usiku kucha.

Ndani ya Mafeking kulikuwa na kundi la watoto wa kiume, watoto wa Wazungu wa mji. Msaidizi wake mkuu, Lord Edward Cecil, aliwakusanya, akawapa sare na kofia, akawagawia kazi: kubeba barua kutoka ngome moja hadi nyingine, kukaa mahali pa juu na kuangalia mizinga ya adui, kusaidia hospitalini. Kwanza walipanda punda, kisha, chakula kilipopungua na punda kuliwa, wakapanda baiskeli. Sajini-meja wao, Warner Goodyear, hata ndevu hakuwa ameota. Baden-Powell alivutiwa sana na jambo moja: mtoto akipewa kazi ya kweli na akiaminiwa, hufanya kama mtu mzima. Baadaye aliandika habari za watoto hao kwenye kurasa za mwanzo za kitabu chake.

Msomaji wa Goma hawezi kupita hapo bila kusimama. Mji huu uliona kadogo mwaka wa 1996, wakati jeshi la AFDL lilipopita na watoto waliovaa buti kubwa kuliko miguu yao, na tangu wakati huo makundi ya silaha hayajaacha kuchukua watoto vijijini. Wao pia walipewa kazi ya kweli. Wao pia waliaminiwa. Kazi ya watoto wa Mafeking haikuwa kupiga risasi, na hilo ni tofauti kubwa, lakini walipita chini ya mabomu wakibeba amri za jeshi. Mbegu ya skauti ilipandwa kwenye udongo huo. Swali la kama mti unaweza kuwa mwema kuliko udongo wake ndilo lililomfuata Baden-Powell mpaka kaburini.

Kuna la pili kuhusu Mafeking. Waafrika ndani ya mji ule walikuwa wengi kuliko Wazungu: Wabarolong wenye kijiji chao, pamoja na wakimbizi na wafanyakazi waliotoka mbali. Baadhi yao walipewa bunduki na kulinda mji. Lakini chakula kilipopungua, mgawo wao ulikuwa mdogo kuliko ule wa Wazungu, na wale wakimbizi wasio na kijiji ndio waliokufa njaa. Wanahistoria bado wanagombana juu ya kiasi cha lawama ya Baden-Powell mwenyewe. Mtu mmoja aliyekuwa ndani alikuwa akiandika kila kitu kwenye daftari yake: Sol Plaatje, mkalimani kijana wa mahakama, ambaye mwaka wa 1912 alikuwa katibu mkuu wa kwanza wa chama kilichokuja kuitwa ANC. Daftari hiyo ilichapishwa mwaka wa 1973, zaidi ya miaka 40 baada ya kifo cha Plaatje, na tangu hapo hadithi ya Mafeking haisomwi tena kwa sauti moja.

Alipoingia Uingereza mwaka wa 1903, jenerali tayari, Baden-Powell alikuta kitu asichokitazamia. Kitabu kidogo alichowaandikia askari juu ya upelelezi kilikuwa kinasomwa na walimu wa shule. Walikitumia kuwatoa watoto nje, kuwafundisha kuangalia. Viwanda vilikuwa vimejaza miji, watoto wa maskini walikua kati ya moshi na matope, na wale wa matajiri walikua kati ya mabenchi. Mwaka wa 1904, huko Glasgow, William Smith, mwanzilishi wa shirika la vijana wa Kikristo liitwalo Boys' Brigade, alimshauri akiandike upya kitabu kile kwa ajili ya watoto, bila vita ndani yake.

Kazi hiyo ilimchukua miaka. Baden-Powell alisoma kila alichokipata juu ya namna watu mbalimbali wanavyowalea vijana, hata desturi za Wazulu za kumpeleka kijana porini peke yake kabla ya kumhesabu kuwa mwanaume. Alisoma pia kazi za Ernest Thompson Seton, mchoraji na mwandishi wa habari za wanyama aliyekuwa Marekani, ambaye alikwisha kuanzisha kundi la watoto waliojifunza maisha ya msituni kwa kuwaiga Wahindi wekundu. Seton alimpa mengi: michezo, alama za vyeo, heshima kwa mnyama. Baadaye Seton alilalamika kwamba hakutajwa vya kutosha, na ukisoma kazi za wote wawili, malalamiko hayo si ya bure.

Kisha akafanya jambo ambalo waanzilishi wengi wa mashirika hulisahau: alijaribu kwanza, kidogo. Kuanzia tarehe mosi mwezi wa nane 1907, kwa muda wa wiki moja hivi, alipeleka vijana wapatao 20 kwenye kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza. Hakuchagua watoto wa aina moja. Karibu nusu walitoka kwenye shule za matajiri kama Eton na Harrow. Wengine walikuwa watoto wa wafanyakazi wa miji ya Poole na Bournemouth. Mtoto wa tajiri alilipa pauni moja, mtoto wa mfanyakazi alilipa shilingi tatu na nusu. Akawachanganya katika vikosi vinne, kila kimoja na jina la mnyama au ndege: Mbwamwitu, Kunguru, Dume la ng'ombe, na Membe. Kila kikosi kilikuwa na hema yake na mkubwa wake, naye mkubwa huyo alikuwa mtoto kama wao.

Asubuhi aliwaamsha kwa pembe ya kudu aliyoitoa kwenye vita vya Wamatabele. Kila siku ilikuwa na somo lake: kujenga kambi, kuangalia, kufuata alama za wanyama, kuokoa mtu anayezama au aliyeumia. Lakini somo halikutolewa kwa hotuba. Jioni, kando ya moto, alisimulia kisa kifupi. Asubuhi alionyesha namna ya kufanya. Mchana walifanya wenyewe, kwa mchezo, kikosi dhidi ya kikosi. Usiku kikosi kimoja kililala mbali, kikajipikia na kujilinda bila mtu mzima. Wazazi walioogopa waliwaona watoto wao wakirudi wachafu, wameungua jua, na wazima.

Mwezi wa kwanza mwaka wa 1908 kitabu kikatoka, Scouting for Boys, katika vijitabu sita, kimoja kila baada ya wiki mbili, kwa bei ambayo mtoto aliweza kuipata mwenyewe. Kilichofuata hakikupangwa na mtu. Kabla hakujawa na ofisi ya maana, kabla hakujawa na sheria za shirika, watoto walinunua kijitabu, wakajigawa katika vikosi, wakakata fimbo, wakatoka. Kisha wakaanza kutafuta mtu mzima wa kuwaongoza: mwalimu, padri, karani, yeyote. Baden-Powell alikuwa amefikiri kwamba mashirika yaliyokuwepo yangechukua wazo lake na kulitumia. Badala yake alijikuta na shirika mikononi ambalo hakulianzisha. Kufikia mwaka wa 1910 Uingereza ilikuwa na skauti zaidi ya 100,000. Mwaka huo huo akaacha jeshi.

Sababu ya kuenea haraka hivyo si siri. Skauti haikuhitaji jengo. Haikuhitaji vyombo vya bei. Ilihitaji kamba, fimbo, sufuria, na mahali penye miti au mawe. Na ilihitaji watoto sita hadi wanane wenye mkubwa wao, kwa sababu, kama Baden-Powell alivyokuwa amegundua jeshini, kundi dogo hujiendesha, na hakuna anayejificha nyuma ya mwingine. Mtu anayetaka kuanzisha shirika la namna hiyo kwenye kartie ya Goma leo, pesa kidogo mfukoni, angeona kwamba hesabu hiyo bado inatoka sawa.

Wasichana hawakualikwa. Walikuja wenyewe. Mwezi wa tisa 1909, kwenye mkutano wa kwanza mkubwa wa skauti huko Crystal Palace, London, walikusanyika vijana wapatao 11,000, na kati yao kundi la wasichana waliovaa kofia na kubeba fimbo kama kaka zao. Walijiita skauti. Jenerali alishikwa na wasiwasi: Uingereza ya wakati ule haikuona vema msichana akitambaa kwenye nyasi. Mwaka wa 1910 akawatengea shirika lao, Guides, chini ya dada yake Agnes. Mwaka wa 1912, akiwa na miaka 55, alimwoa Olave Soames, msichana wa miaka 23 waliyekutana ndani ya meli. Bibi yake huyo ndiye aliyekuja kuwa mkubwa wa Guides na kulikuza shirika hilo kupita lilivyotazamiwa.

Shirika halikukua bila ugomvi. Mwaka wa 1909 Sir Francis Vane, mmoja wa viongozi wa London, alisema wazi kwamba kulikuwa na maafisa wa jeshi wengi mno kwenye ofisi kuu. Aliondolewa, akaenda na wafuasi wake. Baada ya vita kuu ya kwanza, John Hargrave, kijana aliyependa maisha ya msituni na kuchukia vita, alisema maneno ya namna hiyo hiyo, naye pia akafukuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Wote wawili walikuwa wanagusa kidonda cha Mafeking: je, mtoto anatolewa porini ili ajue dunia, au anatayarishwa kuwa askari mzuri?

Baden-Powell hakujibu swali hilo kwa maneno mengi, lakini vita vilimbadilisha. Vijana wengi aliowajua kwa majina walikufa Ufaransa na Ubelgiji. Mwaka wa 1920 alikusanya London skauti kutoka inchi zaidi ya 30, kwenye mkutano ulioitwa jamboree, na huko akatangazwa mkubwa wa skauti wa dunia nzima. Tangu hapo kazi yake ikawa kusafiri na kurudia wazo moja: kijana aliyelala hema moja na kijana wa inchi nyingine atasita kumpiga risasi. Hata hivyo jicho lake la kisiasa halikuwa kali. Alimsifu Mussolini kwa namna alivyowapanga vijana, ingawa Mussolini alikuwa amekwisha kuzuia skauti. Mwaka wa 1937 alikubali kuzungumza na Ribbentrop, balozi wa Hitler huko London, juu ya uhusiano kati ya skauti na vijana wa chama cha Nazi. Uhusiano huo haukutokea, na mwaka wa 1940 Wajerumani waliliweka jina lake kwenye orodha ya watu wa kukamatwa siku watakapoiteka Uingereza.

Kuhusu Afrika, udhaifu ulikuwa ule ule. Sheria ya skauti ilisema kila skauti ni ndugu wa mwingine. Wazungu wa Afrika Kusini walikataa ndugu mweusi ndani ya kikosi, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 watoto Waafrika wakaundiwa shirika lao la pembeni, Pathfinders. Baden-Powell hakupenda, lakini hakuvunja. Alipotembelea inchi hiyo mwaka wa 1936 alikubali mpango wa mashirika kadhaa kwa rangi kadhaa chini ya jina moja. Alikuwa na nguvu ya kusema hapana, maana bila yeye jina la skauti halikuwa na thamani. Hakuitumia. Mpaka miaka ya 1970 ndipo skauti wa Afrika Kusini walipoungana.

Congo ilipata skauti katika miaka ya 1920, kwa mikono ya mapadri na watu wa Ubelgiji, na kwa muda mrefu kambi ilikuwa ni jambo la misheni na shule za misheni. Ndiyo sababu mpaka leo hapa Goma fulari na parokia vinatembea pamoja. Ni miaka hiyo hiyo, mwaka wa 1925, ambapo mfalme Albert wa Ubelgiji alianzisha mbuga ya Virunga, ya kwanza barani. Vitu viwili vikazaliwa karibu wakati mmoja: shirika la kumpeleka mtoto porini, na pori lililofungwa ambamo mtoto wa hapa hakuruhusiwa kuingia. Mwaka wa 1972 utawala wa Mobutu ulivunja mashirika ya vijana ya dini na kutaka kila kijana awe ndani ya JMPR, kijana wa chama. Fulari zikaingia sandukuni. Zilipotoka tena, Kivu ilikuwa karibu kuingia kwenye vita ambavyo vimefanya kila matembezi ya watoto nje ya mji kuwa jambo la kuuliza kwanza nani anashika barabara. Watoto wengi wanaolala chini ya Nyiragongo wameuona moto wake usiku, wameukimbia mwaka wa 2002 au 2021, lakini njia ya kuupanda hawajawahi kuikanyaga.

Mzee mwenyewe alimaliza maisha yake chini ya mlima mwingine. Moyo ulikuwa umechoka, na mwaka wa 1938 yeye na Olave walihamia Nyeri, kwenye nyumba ndogo kando ya Outspan Hotel, iliyokuwa ya Eric Sherbrooke Walker, mtu aliyekuwa zamani katibu wake. Nyumba yao ya Uingereza iliitwa Pax, yaani amani kwa Kilatini. Hii wakaiita Paxtu, kwa mchezo wa maneno: amani ya pili. Kenya hiyo ilikuwa koloni, na udongo mzuri ulio karibu ulikuwa mikononi mwa walowezi Wazungu. Yeye alikaa barazani akichora tembo, ndege na nyani, akiandika vitabu vidogo juu ya wanyama. Kijana aliyetega sungura kwa siri, afisa aliyewinda nguruwe wa India kwa mkuki, alikuwa amefikia umri wa kupenda kamera na rangi kuliko bunduki.

Alikufa tarehe 8 mwezi wa kwanza 1941, akikaribia miaka 84, vita kuu ya pili ikiwa inawaka. Alizikwa Nyeri, kwenye makaburi ya kanisa la Mtakatifu Petro. Juu ya jiwe pamechorwa duara lenye nukta katikati. Skauti yeyote anaijua alama hiyo, hata yule wa Ndosho au wa Majengo: ni ile inayochorwa chini mwisho wa njia, kumwambia anayefuata kwamba aliyetangulia amerudi nyumbani. Olave alikufa Uingereza mwaka wa 1977, na majivu yake yakaletwa Nyeri kuwekwa karibu naye. Baada yao Paxtu ilikaliwa na Jim Corbett, mwindaji wa India aliyegeuka mlinzi wa chui-milia, ambaye naye alizikwa hapo hapo mwaka wa 1955. Serkali ya Kenya imelitangaza kaburi la Baden-Powell kuwa mahali pa ukumbusho wa taifa, na nyumba yake ni makumbusho. Skauti wanaofika kutoka inchi mbalimbali huacha fulari zao zikining'inia ukutani.